Kuchuja na Kuchekecha: Lugha ya Utafutaji katika Programu za Mapishi, kwa Kulitazama Jiko la Longech

Katika programu za simu zilizotiwa Kiswahili, kazi ya kupunguza orodha ndefu mpaka vibaki vitu vichache vinavyotakiwa imepewa jina la kuchuja, na chombo chake huitwa kichujio. Neno hili lilitoka jikoni. Sasa, katika programu za mapishi, limerudi jikoni likiwa na kazi mpya. Walioliteua hawakukosea. Walakini walichukua neno moja katika jamaa ya maneno manne, wakayaacha mengine matatu nje, na hasara iliyotokana na uteuzi huo haijatazamwa na wanaisimu kwa kadiri inavyostahili.

Mpishi wa Kiswahili ana vitendo vinne, kwa uchache, vya kutenga kinachotakiwa na kisichotakiwa. Mchele huchambuliwa kwa vidole, chuya na vijiwe vikaondolewa kimoja kimoja. Nafaka iliyotwangwa hupepetwa kwa ungo, makapi yakachukuliwa na upepo. Tui huchujwa kwa kifumbu au kitambaa, likapita lenyewe na chicha ikabaki. Unga huchekechwa: uliolainika hupita, na chenga zilizobaki juu ya chekeche hazitupwi, bali hurudishwa kinuni zikatwangwe tena. Tofauti hii ya mwisho ndiyo yenye uzito hapa. Kilichobaki katika kifumbu hatimaye ni taka (kweli, chicha hutiwa maji ikakamuliwa mara ya pili na ya tatu, lakini mwisho wake ni kwa kuku), ilhali kilichobaki juu ya chekeche ni chakula ambacho bado hakijawa tayari. Basi programu inapoliondoa pishi fulani kwa sababu mpishi amekosa kiungo kimoja, je, inachuja au inachekecha? Kwa mpishi wa mjini, mwenye duka chini ya nyumba yake, swali hili ni la nadharia. Kwa mpishi wa Longech si la nadharia hata kidogo.

Longech ni ulimi wa mchanga unaoitenga Ghuba ya Ferguson na maji makuu ya Ziwa Turkana, mkabala wa Kalokol, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Lugha ya nyumbani ni Kiturkana. Kiswahili ni lugha ya mwalo, ya duka, ya shule, na ya wachuuzi wanaokuja kununua samaki mkavu ili wampeleke Lodwar, Kitale na mbali zaidi. Mpishi wa hapo, akiwa na simu mkononi, hana shida ya kuchagua pishi moja kati ya elfu. Ana ng'onda mbili, mafuta kidogo, unga wa mahindi, na pengine kitunguu kilichotoka Lodwar siku kadhaa zilizopita. Anachotaka kujua ni nini kinachoweza kupikwa kwa hivyo alivyo navyo. Programu, kwa upande wake, aghalabu humwuliza maswali ya jiko jingine: kama anakula nyama au hali, kama anapendelea vyakula vya Italia au vya Uchina, kama ana oveni, kama anataka kupunguza mwili. Kila swali analolijibu linapunguza orodha, na baada ya maswali matatu hakuna kilichobaki.

Mahali hapa pamewahi kuletewa chombo kilichobuniwa kwa ajili ya hali nyingine. Kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa Kalokol kwa msaada wa Norwe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakikudumu katika kazi hiyo; gharama za kugandisha samaki jangwani zilizidi faida, na katikati ya miaka hiyo hiyo ghuba yenyewe ilikauka. Samaki wakaendelea kukaushwa juani kama zamani. Programu ya simu ni kitu kidogo na rahisi kuliko kiwanda, lakini nayo hujengwa juu ya dhana kuhusu umeme, maji, soko na lugha, na dhana hizo hazionekani mpaka chombo kifike mahali zisipokuwa za kweli. Katika makala haya dhana zitakazochunguzwa zaidi ni zile za lugha, kwa sababu ndizo zilizo katika uwezo wa wanaisimu kuzirekebisha.

Herufi na mizizi

Utafutaji wa kompyuta, kwa asili yake, ni kulinganisha herufi na herufi. Programu huandaa faharasa ya maneno yote yaliyomo katika mapishi, kama ile iliyo nyuma ya kitabu, na neno la mtafutaji hupelekwa kwenye faharasa hiyo. Ikiwa neno halimo kwa umbo lile lile, halimo kabisa. Kwa Kiingereza tatizo hili lilipunguzwa mapema: mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni za kukata viishio vya maneno ili maumbo ya neno moja yakutane. Kanuni hizo zinafaa lugha ambayo mabadiliko yake mengi yako mwishoni mwa neno. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mzigo wake mkubwa mbele. Samaki wa kukaanga, samaki aliyekaangwa, samaki waliokaangwa, viazi vilivyokaangwa, ndizi zikikaangwa: kwa msomaji hayo yote ni tendo moja, kwa faharasa ya herufi ni maneno matano yasiyojuana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, kama kamusi nyingi, huliweka neno hilo chini ya shina kaanga na kumwachia msomaji kazi ya kuvua viambishi. Mtumiaji wa kamusi amefundishwa kazi hiyo shuleni. Simu haikufundishwa.

Fundi asiyeijua lugha hii, akipewa orodha ya viambishi awali na kuambiwa avikate, hupata matokeo ya kuchekesha. Kuku huvuliwa ku- akabaki ku. Kunde hubaki nde. Kuku wa kupaka, ambaye kila mpishi wa pwani anajua kwamba huchomwa na kupakwa rojo la nazi, huingizwa katika jamii moja na paka. Maziwa ya kunywa na maziwa ya kuvua samaki hukutana kwenye ziwa, na huko Turkana kosa hilo si la kubuni, kwa kuwa jina la ziwa limo karibu katika kila habari ya samaki. Mboga za kuunga hukutana na unga wa ugali.

Dawa ya maafa hayo inajulikana zamani. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alieleza mwaka 1992 mfumo wa ngazi mbili wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, ambao hulipatia kila umbo shina lake, ngeli yake na viambishi vyake. Jikoni kazi huwa nyepesi zaidi, maana vitenzi vyenyewe si vingi: kuteleka na kuepua, kuchemsha na kutokosa, kukaanga, kuchoma, kubanika, kuoka, kukausha, kusonga, kukanda, kuponda, kutwanga, kusaga, kukuna, kukamua, kuunga, kumenya, kukoroga, kutia, na vingine vya namna hiyo. Orodha kama hii, pamoja na kauli zake za kutendwa na kutendeka, na pamoja na nomino zinazotokana nayo kama kikaango na mchuzi wa kuunga, yaweza kuandikwa kwa mkono na mwanafunzi mmoja wa isimu katika muhula mmoja. Ni ajabu kwamba kazi ndogo hivi imeachwa kwa watu wasioijua lugha.

Upatanisho wa kisarufi, ambao wageni huuona kuwa mzigo, hapa ni msaada mkubwa. Mfano mzuri ni neno nyanya. Nchini Kenya nyanya ni tunda la kutilia mchuzi, na pia ni mama wa mzazi. Mtu akiandika "mapishi ya nyanya", herufi peke yake haziwezi kuamua kama anatafuta rojo au kumbukumbu ya utotoni. Lakini penye kitenzi utata huisha: nyanya aliyepika na nyanya zilizopikwa hawawezi kuchanganywa na yeyote anayesoma kiambishi cha ngeli. Programu inayovitupa viambishi ili ibaki na shina tupu huitupa pamoja navyo habari hii. Yapasa shina litolewe na ngeli ihifadhiwe.

Hali kadhalika kihusishi cha -a. Mifumo mingi huyaondoa maneno mafupi kama wa, ya na za kabla ya kutafuta, kwa hoja kwamba hayana maana. Yakiondolewa, mchuzi wa samaki na samaki wa mchuzi huwa kitu kimoja, na sivyo: katika wa kwanza samaki ameitoa ladha yake kwenye rojo la kulia ugali, na huenda yeye mwenyewe ni vipande vichache tu, katika wa pili samaki ndiye chakula. Mpishi mwenye ng'onda moja na watoto sita anajua vizuri ni upi anaoutafuta.

Ukanushaji una hatari zaidi. "Bila nyanya", "usiotiwa nyanya", "usitie nyanya": mtafutaji anakimbia nyanya, na programu inayohesabu maneno humletea mapishi yenye nyanya nyingi kuliko yote. Kosa hili ni la lugha zote, lakini Kiswahili hulizidisha kwa kuuficha ukanushaji ndani ya kitenzi, katika -si- moja isiyoonekana na anayekata herufi kutoka mwisho.

Majina ya samaki

Neno ng'onda, kwa maana ya samaki aliyepasuliwa na kukaushwa juani, ni neno la kamusi na ni neno sahihi. Mwandishi wa programu akilitumia peke yake, hatapatikana na wengi wanaomtafuta, maana sehemu nyingi za Kenya husema samaki mkavu au samaki kavu, na walioathiriwa na soko la Kijaluo husema obambla. Kiturkana husema ekolia kwa samaki mmoja na ngikolia kwa wengi, na hapa nako badiliko liko mwanzoni mwa neno. Fauka ya hayo, ng'onda huandikwa kwa ritifaa, na ritifaa ndiyo mwiba wa utafutaji: kibodi moja huandika ritifaa iliyonyooka, nyingine iliyopinda, mtu wa tatu haiandiki kabisa, na programu zisizotunzwa hulikata neno pale pale likawa ng na onda. Rekebisho lake ni mstari mmoja wa kanuni, lakini lazima aliandike mtu anayejua kwamba ng' ni sauti moja.

Yako pia makosa ya tahajia yasiyo ya ritifaa. Njia ya kawaida ya kuyasamehe ni ile iliyotolewa na Vladimir Levenshtein katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1965, ya kuhesabu ni herufi ngapi zinazohitaji kubadilishwa ili neno moja liwe jingine. Kwa maharage na maharagwe njia hii ni ya rehema. Lakini papa na papai vinatengana kwa herufi moja tu, na hakuna mpishi atakayeshukuru kuletewa tunda alipoomba samaki. Msamaha wa tahajia hauna budi kuwekewa mpaka: neno likiwa lenyewe limo katika faharasa, lisisahihishwe.

Majina ya mahali huleta tatizo gumu kuliko tahajia. Sangara wa Mwanza ni mbuta wa Kisumu na mputa wa Kampala. Hapo ni samaki yule yule, na visawe vyake vyaweza kuunganishwa bila hofu. Sato na ngege nao hukaribiana vya kutosha. Dagaa sivyo. Dagaa wa Ziwa Viktoria, anayeitwa omena Kenya na mukene Uganda, si dagaa wa Kigoma. Sambaza wa Ziwa Kivu ni mwingine tena, aliyeletwa huko kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Na dagaa wa Unguja ni wa maji ya chumvi. Kuyafunga majina hayo yote katika fundo moja la visawe ni kumwambia mpishi kwamba chumvi, mafuta na muda ni sawa kwa wote. Lakini kuyaacha yametengana kabisa ni kumnyima mtu wa Kongo aliyeko Kakuma pishi la omena ambalo angeliweza kulitumia kwa samaki alionao. Hapa panahitajika daraja mbili katika orodha ya maneno, yaani visawe kamili, na vibadala ambavyo huletwa pamoja na onyo. Kamusi za kawaida hazina nafasi ya daraja hiyo ya pili.

Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, ingekuwa mahali pazuri pa kuandaa orodha kama hiyo. Kiswahili cha Kivu na Katanga kimekutana huko na Kiswahili cha Kenya. Kisamvu huitwa sombe, mchicha huitwa lengalenga, na ugali huitwa bukari na watu wa Lubumbashi. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa wakimbizi wa kambi hiyo sehemu ya posho yao kwa njia ya simu, chini ya jina la Bamba Chakula, ili wanunue wenyewe katika maduka yaliyoteuliwa. Kwa hiyo uhusiano wa simu na chungu si jambo geni katika kaunti hii, na jina lenyewe halikutoka katika Kiswahili cha vitabuni.

Uzito wa maji

Karen Spärck Jones wa Cambridge alionyesha mwaka 1972 kwamba katika utafutaji neno lina uzito kwa kadiri linavyopatikana katika maandishi machache. Kanuni hii imekuwa msingi wa mifumo mingi iliyofuata, na kwa jumla ni ya busara. Anayeandika "samaki chumvi ukwaju" atasaidiwa zaidi na neno ukwaju, maana chumvi imo karibu katika kila pishi na haitofautishi hili na lile. Kwa hesabu hiyo, neno lenye uzito mdogo kuliko yote jikoni ni maji. Yamo kila mahali, hivyo hayasemi kitu.

Longech imezungukwa na maji ambayo hayafai kutegemewa jikoni. Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Maji yake yana magadi na chumvichumvi, na maji matamu hutafutwa kwingine, yakachotwa na kubebwa. Mpishi wa hapo huanza kufikiria chakula kwa kufikiria maji. Atauliza pishi linataka maji kiasi gani, na zaidi ya hilo, maji hayo yataliwa au yatamwagwa. Uji hunywesha maji yake. Tambi huchemshwa katika maji mengi ambayo humwagwa yote. Ng'onda iliyotiwa chumvi huloweka, ikamwagiwa maji, ikaloweka tena. Tofauti hii kati ya maji ya kuliwa na maji ya kumwagwa haimo katika kichujio cha programu ya kawaida, na haiwezi kuingizwa humo kirahisi, kwa sababu waandishi wa mapishi wenyewe huandika "maji kiasi" au hawaandiki kabisa. Hapa takwimu, ambayo kwingine ni mwamuzi mwema, imelisukuma nje ya mizani neno ambalo mpishi huyu analihitaji kuliko yote.

Hata hivyo si halali kusema tu kwamba kiwekwe kichujio cha maji na mambo yatakuwa yamekwisha. Waturkana hula matunda ya edung, mti ambao wanabotania huuita Boscia coriacea. Matunda hayo huchemshwa, maji yakamwagwa, yakachemshwa tena kwa maji mapya, mara kadhaa, mpaka uchungu na sumu vitoke. Pishi hilo ni la miaka ya ukame, yaani la wakati maji yalipo adimu kuliko siku zote, na papo hapo ni pishi linalomwaga maji mengi. Programu inayopunguza maji kwa ulaini ingelificha pishi hilo pale linapotafutwa. Na programu inayojitia ujuzi wa kupendekeza njia ya mkato, ikasema maji ya mara moja yanatosha, ingemdhuru mlaji. Kwa hiyo haitoshi kuhesabu lita. Katika kila pishi hapana budi pawekwe alama ya masharti yasiyolegezwa. Hilo ndilo tendo la kuchambua: jiwe huondolewa na punje huachwa, na hakuna anayebishana na jiwe.

Muda nao una mkasa wake. Vichujio hupenda kuuliza kama mtu ana dakika 15, 30 au 60. Saa mbili za Kiswahili ni muda wa kupikia maharage, na pia ni wakati wa staftahi. Mashine isiyosoma maneno ya jirani haiwezi kujua. Lakini kosa kubwa liko katika kuujumlisha muda wa kazi na muda wa kungoja. Samaki anayekaushwa juani huchukua siku nzima na zaidi, naye anamtaka mpishi dakika chache tu za kumpasua na kumgeuza. Kwa kichujio cha dakika 30 njia hiyo imefutwa, ingawa haiteketezi kuni hata kijiti.

Katika vichujio vyote, kile kinachojadiliwa kidogo kuliko vingine ni cha asili ya chakula. Mtu akichagua "vyakula vya Kiturkana", kuna uwezekano mkubwa ataletewa maziwa, damu na nyama ya mbuzi, kwa sababu ndivyo mfugaji wa Turkana alivyoandikwa vitabuni. Longech ni historia nyingine. Uvuvi ulikuwako ziwani tangu kale, lakini baada ya njaa ya miaka ya 1960 na 1961 watu wengi waliopoteza mifugo walifika kwenye Ghuba ya Ferguson na kujifunza kuishi kwa wavu. Watoto wa watu hao na wajukuu wao wamekua wakila samaki. Kichujio kinachomtoa samaki katika vyakula vya Kiturkana kinawaondoa watu hao katika kabila lao kwa kubonyeza mara moja. Kinyume chake pia ni kosa, maana wako Waturkana wasiopenda kuhesabiwa miongoni mwa walaji samaki. Pengine kichujio hiki ndicho cha kufutwa, na mahali pake paulizwe tu pishi linapikwa wapi.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu wa viambishi na visawe umepitwa na wakati, kwa kuwa mifumo mipya ya kompyuta hujifunza ujirani wa maneno kutokana na maandishi mengi, bila kufundishwa sarufi. Hoja hii ina nguvu, na kwa Kiswahili cha magazeti mifumo hiyo imekwisha onyesha uwezo. Lakini ujirani hujifunzwa kutokana na kilichoandikwa. Jiko la Longech halijaandikwa, na pale ambapo maandishi hayapo mfumo hukopa majirani kutoka jikoni kwingine, bila kumwambia mtu kwamba umekopa. Tena mifumo hiyo mikubwa kwa kawaida hukaa mbali, hufikiwa kwa mtandao, na mtandao hukatika. Orodha fupi ya mashina, visawe na vibadala hukaa ndani ya simu yenyewe.

Limebaki suala la kioo kitupu. Programu isipopata kitu huandika kwamba hakuna matokeo, na maneno hayo mawili yana athari kubwa kwa lugha kuliko yanavyofikiriwa. Mpishi aliyeandika ng'onda akajibiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu huandika neno la Kiingereza, na hupata. Tangu siku hiyo simu imemfundisha kwamba neno lake si neno. Mwanawe anayemtazama amefundishwa pia. Maneno ya jikoni yaliwahi kuhimili shule, dini na serikali za kila namna kwa sababu jikoni hapakuwa na mtu wa kuyasahihisha. Sasa yupo, na hasahihishi kwa kukusudia.

Hapo ndipo chekeche linapotakiwa badala ya kichujio. Aliyeandika "ng'onda bila nyanya" asiletewe kioo kitupu, wala mapishi yenye nyanya. Aletewe mapishi matatu yaliyo karibu, na katika kila moja aonyeshwe ni kipi kilichobaki juu ya chekeche na namna ya kukirudisha kinuni: hili linataka tui, nawe huna, basi tumia maziwa, lakini usiyachemshe mno; hili linataka nyanya kwa ajili ya uchachu tu, basi ukwaju watosha. Ukwaju huota kandokando ya mito ya Turkana, na Waturkana huuita epeduru. Neno hilo nalo liwekwe katika faharasa.